Kabla ya kutoa advansi, ijue suti yako

Miongoni mwa barua na ujumbe wa simu ulionifikia juma hili, upo wa kijana wa Mafinga anayetarajia kufunga ndoa mwezi Agosti. Anaeleza kwamba amezunguka kwa mafundi watatu wa Iringa mjini na kila mmoja alimtajia mtindo wake na bei yake. Wa kwanza alimwahidi suti ya Kiitaliano, wa pili akamwambia siku hizi ni slimu tu, na wa tatu hakusema lolote ila kumwuliza anataka vifungo vingapi. Kijana anataka kujua majina haya yana maana gani, na kama fedha anazoombwa zinalingana na kazi.

Swali hili si la anasa. Kwa mwanamume wa kipato cha kawaida, suti huenda ikawa nguo ya gharama kuliko zote atakazovaa kwa miaka mingi. Wengi huipata ya kwanza siku ya kipaimara au mahafali, ya pili siku ya harusi, na wapo wanaozikwa nayo. Fedha yenyewe hutoka kwenye michango ya kamati, kwenye kikoba, au kwenye magunia ya mahindi yaliyouzwa kabla ya bei kupanda. Suti ikitoka vibaya, mwenye nayo hana pa kulia. Na fundi naye hapati faida, maana mteja aliyeudhika haendi kwa fundi mwingine. Huenda dukani kununua suti ya kiwandani iliyoning'inizwa mlangoni. Kwa hiyo leo nimeona tuzungumze habari ya suti kwa undani kidogo.

Watu wa Nyanda za Juu Kusini hawakuanza kuvaa suti jana. Kabla ya uhuru vijana wa Rungwe na Kyela walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, wilayani Chunya. Wengine walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na wengine wakachukuliwa na wenela kwenda Afrika Kusini. Waliporudi walileta fedha, mablanketi na makoti. Koti lilikuwa alama kwamba mtu amesafiri, lakini lilikuwa na kazi pia. Mji wa Mbeya uko juu zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Mtu wa Dar es Salaam huvaa suti kwa ajili ya heshima. Mtu wa Tukuyu, Makete au Mufindi huivaa kwa ajili ya heshima na baridi pia, na jambo hilo lina maana kubwa katika kuchagua mkato na kitambaa.

Sasa tuje kwenye mikato. Mafundi wa dunia huigawa suti katika mikato mikuu mitatu, ambayo huitwa kwa majina ya nchi ilikokulia: wa Kiingereza, wa Kiitaliano na wa Kimarekani. Wengi hudhani tofauti iko kwenye vifungo. La hasha. Tofauti huanzia begani.

Mkato wa Kiingereza ulikuzwa na mafundi wa mtaa wa Savile Row jijini London, ambao wengine wao walishona pia sare za maofisa wa jeshi. Ndiyo maana koti lake husimama kama la askari: bega lina pedi, kifua kimejengwa, kiuno kimebanwa, na chini koti linafunguka kidogo. Nyuma aghalabu huwa na mipasuo miwili ya pembeni. Asili ya mipasuo ni wapanda farasi, ambao hawakutaka koti lijikunje wanapokaa kwenye tandiko. Mkato huu humfaa mtu mwembamba au mwenye mabega yaliyoshuka, kwa kuwa humjengea umbo, na unapatana na kitambaa kizito.

Mkato wa Kiitaliano una matawi mawili. La kwanza ni la Roma, lililotangazwa duniani na nyumba za mitindo kama Brioni, iliyoanzishwa mwaka 1945. Koti lake ni fupi kidogo, liko karibu na mwili, bega limenyooka, na mara nyingi nyuma halina mpasuo. Tawi la pili ni la Napoli, mji wa joto. Huko fundi huondoa pedi begani au huweka nyembamba sana, bitana huishia nusu, na mkono hushonwa kwa kukusanya kitambaa kidogo begani kama wa shati. Koti la Napoli ni jepesi mithili ya sweta. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu bila pedi hakuna mahali pa kuficha kosa.

Mkato wa Kimarekani ulienezwa na duka la Brooks Brothers la New York. Wenyewe waliuita koti la gunia, na jina linajieleza: bega ni la asili, kiuno hakikubanwa, koti linashuka moja kwa moja, na nyuma kuna mpasuo mmoja wa katikati. Vijana hawaupendi, lakini mtu mzima mwenye kitambi hawezi kupata rafiki mwema kuliko huo.

Je, slimu? Slimu si mkato wa nchi yoyote. Ni nafasi tu iliyoachwa kati ya mwili na nguo. Koti la kawaida huzidi kifua cha mtu kwa sentimita 10 hivi kuzunguka. Fundi akipunguza nafasi hiyo, koti linakuwa slimu, liwe la Kiingereza au la Kiitaliano. Mara nyingi kinachoitwa suti ya Kiitaliano katika vibanda vyetu ni koti fupi la kubana, basi. Nami nina neno hapa kwa wakazi wa mikoa ya baridi. Wengi wetu tunavaa sweta au kizibao ndani ya koti kuanzia Mei hadi Agosti. Ukipimwa ukiwa na shati peke yake na ukaagiza slimu, sweta lako utaliacha nyumbani na baridi utaipata barabarani. Nenda kupimwa ukiwa umevaa kile utakachovaa ndani.

Baada ya bega ndipo tuje kwenye vifungo na kola. Koti la safu moja lenye vifungo viwili ndilo linalowafaa watu wengi. Hufungwa cha juu, cha chini huachwa wazi. Likiwa na vitatu, hufungwa cha katikati, na cha juu ukipenda. Koti la safu mbili, ambalo upande mmoja hulala juu ya mwingine, hufungwa muda wote umesimama, kwani likiachwa wazi huning'inia kama pazia. Humpendeza mtu mrefu, tena huongeza joto kwa kuwa kifua kinapata tabaka mbili za kitambaa.

Lapeli, yaani ile sehemu ya kola inayokunjwa kifuani, iko ya aina tatu. Yenye pengo dogo ni ya kila siku. Yenye ncha zinazotazama juu ni ya koti la safu mbili na ya sherehe. Ile ya mviringo isiyo na pengo ni ya suti ya usiku, ambayo mabwana harusi wengi wanaitamani. Si kosa kuitamani, ila ajue kwamba siku ya Jumatatu hawezi kwenda nayo ofisini wala msibani. Mtu mwenye uwezo wa suti moja tu achague ile itakayomfaa kwingi.

Suruali nayo ina historia yake nchini mwetu. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 suruali za kubana zilipigwa vita mitaani Dar es Salaam pamoja na sketi fupi. Miaka michache baadaye zikaja bugaluu na pekosi zilizofagia barabara. Leo za kubana zimerudi kwa jina la modo. Funzo ni kwamba mguu wa suruali ndio unaochakaa kwa mtindo upesi kuliko sehemu nyingine yoyote ya suti. Suruali iliyonyooka, isiyobana wala kupwaya, haijawahi kuchekwa katika kipindi chochote. Marinda mbele humsaidia mwenye mapaja makubwa na anayekaa sana. Mwambie fundi aache akiba ya kitambaa kiunoni na kwenye upindo, maana mwili wa mtu baada ya harusi hubadilika.

Tusisahau kwamba suti si ile ya tai peke yake. Jirani zetu wa Zambia walitupa Kaunda suti, iliyobeba jina la Rais wao wa kwanza, Kenneth Kaunda, aliyefariki dunia Juni 2021. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa suti yake isiyo na lapeli, yenye kola iliyofungwa shingoni. Kule Zaire, tangu miaka ya mwanzoni ya 1970, utawala wa Mobutu uliwataka wanaume waache koti na tai wavae abakosti, hadi mwaka 1990 alipolegeza amri hiyo. Mambo hayo hayajaisha. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku Kaunda suti bungeni, ingawa Rais wa nchi hiyo, William Ruto, alikuwa anaipenda na kuivaa hadharani. Kwa mteja wa kawaida ninasema hivi: Kaunda suti ina kazi chache za ndani kuliko koti la lapeli, haidai tai, na fundi wa kawaida anaiweza vizuri. Kaunda suti iliyoshonwa barabara humpa mtu heshima kuliko koti la lapeli lililoharibika.

Nimesema kazi za ndani, na hapa ndipo fedha yako inapokwenda bila wewe kuiona. Kati ya kitambaa cha nje na bitana, kifua cha koti huwa na kitu cha kukisimamisha. Njia ya zamani ni kanvasi, kitambaa kigumu cha manyoya na pamba kinachoshikizwa kwa mkono kwa mishono mingi midogo. Kanvasi hufuata mwili na koti huzidi kukaa vizuri kadiri linavyovaliwa. Njia ya haraka ni gamustei, ambayo ina gundi na hubandikwa kwa pasi ya moto. Ni rahisi na si haramu, lakini gundi ikiwa duni au pasi ikiwa haikushika sawasawa, baada ya kufuliwa mara chache kifua huota malengelenge ambayo hakuna pasi ya kuyaondoa.

Fundi mmoja wa Mwanjelwa, mzee aliyejifunza kazi kwa fundi wa Kihindi mtaa wa Uhindini, aliniambia kwamba koti la kanvasi humchukua siku kadhaa wakati la gamustei hulimaliza kwa siku moja na kitu. "Mwanangu," aliniambia, "mteja anataka la siku tano kwa bei ya siku moja. Mimi nitakula nini?" Jibu lake ni la haki. Anayepunguza bei ajue anapunguza na kazi. Njia ya katikati ipo: kanvasi kifuani na kwenye lapeli tu, gamustei kwingine. Mwulize fundi wako kama anaiweza.

Kuhusu kitambaa, suti ya mtu wa umbo la wastani hula mita 3 hadi 3 na nusu za jora lenye upana wa mita moja na nusu. Sufu ndiyo mfalme, kwani huhifadhi joto, hupumua, na mikunjo yake huondoka yenyewe ukiitundika usiku kucha. Polista ni rahisi na haisumbui, lakini haipumui. Asubuhi utahisi baridi na mchana utatoka jasho. Uangalie sana maandishi ya "Super 120" au "Super 150" kwenye ukingo wa kitambaa. Namba hiyo ilikusudiwa kueleza wembamba wa nyuzi za sufu, lakini mashine ya kuchapa haina dhamira, na huchapa maneno hayo hata juu ya polista tupu. Omba uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika kwa vidole. Polista huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Hakuna muuzaji mwaminifu atakayekukatalia uzi mmoja.

Sasa nizungumze na wasiokuwa na uwezo wa sufu mpya, ambao ni wengi. Tangu serikali ilipolegeza masharti ya uagizaji bidhaa mwaka 1984, mitumba imejaa masokoni. Wakati ule tuliita kafaulaya, kwa kudhani wenyewe wamekufa. Katika marundo ya Iringa na Mbeya zimo suti za sufu halisi ambazo Dar es Salaam zingemtoa mtu jasho, lakini kwetu ni mali. Tafuta kitambulisho cha ndani ya mfuko. Neno "wool" ni la Kiingereza, "lana" la Kiitaliano, "laine" la Kifaransa, "Wolle" la Kijerumani. Yote ni sufu.

Kisha soma namba. Koti la Uingereza au Marekani lililoandikwa 40 ni la kifua cha inchi 40. Herufi S ni ya mtu mfupi, R wa wastani, L mrefu. Koti la Italia au Ujerumani lililoandikwa 50 ni lile lile 40, maana unaondoa 10. Wajerumani wana hila moja zaidi: 25 ni 50 ya mtu mfupi, na 102 ni 50 ya mtu mrefu. Wengi huliacha koti la 25 wakidhani ni la mtoto. Lishike juu ya mwanga uone kama nondo hawakulitoboa, halafu finya kitambaa cha kifuani kwa vidole viwili. Ukihisi tabaka la tatu linaloteleza katikati ya kitambaa na bitana, hilo ni koti la kanvasi.

Lakini lijaribu begani kwanza. Fundi anaweza kufupisha mkono, kubana kiuno, kupunguza suruali na kubadili bitana. Bega lililozidi halipunguzwi kirahisi, kwa kuwa lazima mkono ubanduliwe na koti lijengwe upya. Urefu wa koti nao haupunguzwi sana, maana mifuko itabaki imekaa chini kama ya mtu aliyeazima. Kwa hiyo bega likikaa, nunua. Bega likikataa, rudisha hata kama bei inavutia.

Neno la mwisho ni kuhusu maelewano na fundi. Picha ya simu peke yake haitoshi, kwa sababu aliye kwenye picha ana mwili wake. Ipeleke, lakini taja kwa maneno: bega la pedi au la asili, safu moja au mbili, mipasuo mingapi, marinda au hapana, kanvasi au gamustei, na kitambaa ni cha nani. Yaandikwe kwenye daftari la fundi pamoja na advansi uliyotoa na tarehe. Kisha sisitiza jambo moja ambalo wengi hawalijui, nalo ni kujaribu koti likiwa limepigwa bandi, kabla ya kushonwa moja kwa moja. Wakati huo kosa hurekebishwa kwa kufumua uzi mmoja.

Siku hiyo ya kujaribu tazama mambo manne. Mshono wa bega uishe pale bega lako linapoishia. Kola ishike shingo bila kuachia mwanya. Ukifunga kifungo, kitambaa kisivutwe kikafanya alama ya X tumboni. Mkono wa koti uache shati lionekane kwa sentimita moja hivi. Yakiwa sawa hayo, mengine ni mapambo. Na ikiwa ni sufu, mwulize fundi kama ameipiga mvuke wa pasi kabla ya kukata, la sivyo mvua ya kwanza itamfupishia mvaaji suruali.

Mafundi wanaojua kushikiza kanvasi kwa mkono katika miji yetu wanazeeka, na vijana wanaojifunza kwao hujifunza kile kinachoulizwa na wateja. Tukiuliza vifungo tu, watajifunza vifungo. Tukiuliza bega, kifua na kitambaa, na tukakubali kulipia siku za kazi, ufundi huo utabaki Mwanjelwa na Miomboni, na fedha yetu itabaki huko huko pia. Kwa juma hili niishie hapa.